Shajara ya mradi: hewa ya asubuhi na pumzi za wenye pumu

6 Februari: tunachotafuta

Mradi ni mdogo. Tunapima chembe laini za hewani, zile zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kwenda chini ambazo huandikwa PM2.5, ndani na nje ya nyumba za kikundi cha watu wazima wenye pumu. Watu haohao wanapima pumzi zao, yaani nguvu ya kupuliza kwenye kipima-pumzi, asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Swali letu: siku hewa inapochafuka, je, pumzi ya mtu yuleyule inashuka?

Kwamba hewa chafu inaua si jambo la kubishaniwa tena. Ukungu wa moshi uliofunika London kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ulikadiriwa kuua watu 4,000 hivi, na hesabu zilizofanywa baadaye zikafika 12,000. Mwaka 1993 mtafiti Dockery na wenzake walichapisha utafiti wa miji sita ya Marekani. Walifuatilia watu wazima 8,111 kwa miaka 14 hadi 16, na baada ya kuondoa athari za sigara na mambo mengine, vifo katika mji wenye hewa chafu kuliko yote vilizidi vya mji wenye hewa safi kuliko yote kwa asilimia 26. Sisi hatuna watu wengi kiasi hicho wala miaka mingi kiasi hicho. Tunachotaka kujua ni kama vihisi vya bei nafuu, ambavyo siku hizi hata kikundi kidogo kinaweza kuvimudu, vinatosha kujibu swali la afya, na kama havitoshi vinapotosha wapi. Ndiyo maana humu utakuta hitilafu nyingi na grafu chache.

Namba za kushika kabla hatujaendelea: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokishauri cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5, na cha saa 24 kutoka 25 hadi 15. Hizo 15 na 5 zitaturudia tukifika kwenye mizani.

27 Februari: vihisi vyote kibanda kimoja

Kihisi tunachotumia ni cha leza. Feni ndogo inavuta hewa, leza inaimulika, na kila chembe inayopita inatawanya mwanga kidogo. Kifaa kinasoma mwanga huo kisha kinakisia uzito. Nasisitiza kinakisia, kwa kuwa humo ndani hakuna kinachopimwa kwa mizani. Chembe zilizo chini ya mikromita 0.3 hivi kinaziona kwa shida au hakizioni kabisa, na moshi mbichi wa injini umejaa chembe za saizi hiyo. Vumbi nene nalo hukihesabia pungufu. Anayekiweka kando ya barabara ajue kuna moshi unaopita bila kuandikwa.

Kabla ya kuvigawa majumbani tuliviweka vyote kwenye kibanda kimoja kwa siku kadhaa. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza kazi. Usiiruke. Vihisi vya aina moja, vilivyotoka kwenye katoni moja, vilipanda na kushuka pamoja lakini kila kimoja kwa kiwango chake, na kimoja hakikuwafuata wenzake hata kidogo. Hicho tulikitupa. Vilivyobaki kila kimoja kimepewa namba yake ya kusawazisha, na namba hiyo imebandikwa juu ya kisanduku, si kwenye kompyuta pekee, maana visanduku huhamishwa na watu wasiofungua kompyuta.

Kila kisanduku sasa kina vihisi viwili badala ya kimoja. Gharama ya vihisi imekuwa maradufu, lakini hivi viwili vikipishana mno tunajua papo hapo kwamba saa hiyo haina data. Faida yake ilionekana mapema: kihisi kimoja kilianza kutoa namba za juu usiku kucha ilhali mwenzake katulia. Tulipofungua tukakuta buibui ameweka makazi kwenye tundu la kuingizia hewa. Tuliziba kwa wavu laini sana, wavu ukashika vumbi, feni ikalemewa, na namba zikashuka kana kwamba hewa imetakata. Wavu wenye matundu ya milimita moja hivi unatosha. Tundu litazame chini, na kisanduku kikae kimo cha mdomo wa mtu aliyesimama.

19 Machi: filta zilizopungua uzito

Kihisi kinachokisia kinahitaji shahidi anayepima kweli. Shahidi huyo ni filta ya teflon: pampu inavuta hewa kupitia kitenganishi kinachozuia chembe kubwa, chembe laini zinanasa kwenye filta, na filta inapimwa uzito kabla na baada.

Hesabu yake ifanye kabla hujaazima mizani. Pampu yetu inavuta lita 4 kwa dakika, yaani mita za ujazo 5.76 kwa saa 24. Hewa ikiwa kwenye kile kiwango cha 15, filta itanasa mikrogramu 86 tu. Mizani ya kwanza tuliyoazima ilikuwa inasoma kwa hatua za mikrogramu 10, na tulipopima filta ileile mara mbili tofauti ya mikrogramu 20 ilikuwa jambo la kawaida. Gawanya 20 kwa 5.76 upate 3.5. Yaani mizani peke yake ilikuwa inaongeza au kupunguza zaidi ya nusu ya kiwango cha mwaka cha Shirika la Afya Duniani. Tuliirudisha, tukalipia muda kwenye mizani ya maabara inayosoma mikrogramu moja. Hapo ndipo fungu kubwa la bajeti lilipoishia, kuliko vihisi vyote kwa pamoja.

Mizani mpya ikatuletea kioja: filta kadhaa zilirudi nyepesi kuliko zilivyoondoka. Kitu kilichonasa moshi kitapunguaje uzito? Sababu zilikuwa mbili na zilikuwa zimefungamana. Ya kwanza ni umeme tuli. Teflon huushika sana, na filta yenye umeme huo huvutwa na kuta za mizani kisha mizani inasoma uongo. Ya pili ni unyevu wa chumba, ambao siku ya kupima kabla haukuwa sawa na siku ya kupima baada.

Tiba ya kwanza ni kifaa cha kuondoa umeme tuli, filta inapitishwa hapo kila mara kabla ya kukaa kwenye mizani. Tiba ya pili tuliitengeneza wenyewe, na yeyote anaweza kuiiga: sanduku linalofungika vizuri, ndani yake chombo cha maji yaliyoshiba magnesi kloridi hadi chumvi inabaki chini haiyeyuki. Mchanganyiko huo hushikilia unyevu wa hewa ya sanduku karibu asilimia 33 ukiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Filta zinakaa humo saa 24 au zaidi kabla ya kila upimaji, chumba kikiwa nyuzi 20 hadi 23. Tangu hapo hakuna filta iliyorudi nyepesi.

Kwenye kila kundi tunatuma pia filta tupu. Inasafiri, inafungwa kwenye kishikizo, inafunguliwa, inarudi, ila pampu haiwashwi. Uzito inaouongeza ni uchafu wa mikono yetu na safari, nao ndio unaotuambia namba ndogo kuliko zote tunayoweza kuiamini. Ukisoma ripoti ya filta isiyotaja filta tupu, isome kwa jicho la pembeni.

Jambo la mwisho kuhusu pampu. Mtiririko unapungua kadiri filta inavyoziba, na ukipungua, kitenganishi nacho kinaanza kuruhusu chembe kubwa zaidi kupita. Tunapima mtiririko mwanzo na mwisho; ukiachana kwa zaidi ya asilimia 10, filta hiyo inawekwa kando. Lakini mtiririko unaweza kuwa sawasawa na hewa bado ikapita kando ya filta kama kishikizo hakijabana. Hilo mita haiwezi kukuambia, ila macho yanaweza: filta iliyobanwa vizuri ina duara la weusi lenye ukingo mkali na pete nyeupe pembeni. Ukingo ukiwa umefifia, kuna mahali hewa imevuja.

8 Aprili: unyevu

Tulipolinganisha wastani wa saa 24 wa vihisi na filta, vihisi vilizidi, na siku za unyevu vilizidi zaidi. Hilo linajulikana. Chembe nyingi za hewani zina chumvichumvi, nazo hunyonya maji. Chumvi ya kawaida huyeyuka na kuvimba unyevu ukifika asilimia 75, amonia salfeti kwenye 80. Chembe iliyovimba hutawanya mwanga mwingi, kihisi kinadhani moshi umeongezeka, kumbe ni maji. Ukungu ndio mbaya kabisa, kwa sababu matone yake yanahesabiwa kama chembe.

Mtu anaweza kusema pasha hewa joto kabla haijaingia. Tulijaribu kwenye kisanduku kimoja. Inakausha maji, ni kweli, lakini inamaliza betri, na baadhi ya chembe zenyewe, hasa za amonia nitrati, huvukia na kupotea kwa joto hilo. Unatoka kwenye kuzidisha unaingia kwenye kupunguza. Tukaacha.

Tulijaribu pia fomula iliyochapishwa mwaka 2021 kwa ajili ya vihisi vya leza vya chapa ya PurpleAir nchini Marekani: chukua namba ya kihisi mara 0.524, toa unyevu mara 0.0862, ongeza 5.75. Ni fomula nzuri kwa hewa iliyoizaa. Chembe za hewa nyingine zina mchanganyiko wake, na namba zile tatu hazihamishiki kama mzigo wa begani.

Tuliyobaki nayo ni kugawanya namba ya kihisi kwa kigawanyo kinachotokana na unyevu wenyewe. Andika unyevu kwa desimali na uuite u. Kigawanyo ni 1 + (k ÷ 1.65) × u ÷ (1 − u), ambapo k ni kipimo cha jinsi chembe zinavyopenda maji. Masizi matupu yana k karibu na sifuri, chumvi ina k kubwa. Chukua k ya 0.4 kwa mfano: unyevu ukiwa asilimia 50 kigawanyo ni 1.24, ukifika asilimia 90 kinakuwa 3.18. Yaani alfajiri yenye umande, kihisi kinaweza kusoma mara tatu ya moshi uliopo bila kifaa kuharibika. Juu ya asilimia 95 fomula yenyewe inapaa, hivyo saa hizo tunazifuta.

Ili kupata k yetu, filta ya saa 24 haikufaa kwa sababu inachanganya alfajiri na mchana. Filta ya saa sita nayo inanasa uzito mdogo mno. Njia iliyofanya kazi: pampu mbili zenye saa za kujiwasha, moja inavuta kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi tu, nyingine kuanzia saa 6 mchana hadi saa 12 jioni tu, kila moja kwa siku nne mfululizo kwenye filta ileile. Mwishoni kila filta imepitisha zile mita za ujazo 5.76, lakini moja ni ya alfajiri tupu na nyingine ni ya mchana mtupu. Vihisi vilidai alfajiri ni chafu mno kuliko mchana. Filta zilikubali kwamba alfajiri ni chafu zaidi, ila kwa tofauti ndogo kuliko ile. Kwa hiyo sehemu ya moshi wa asubuhi ni ya kweli, sehemu ni maji. Shika hilo.

30 Aprili: ridhaa, dawa na skrini

Kamati ya maadili ilirudisha maombi yetu, na ilikuwa na haki. Tuliandika kwamba mshiriki apime pumzi kabla ya kuvuta dawa ya kufungua njia ya hewa. Kisayansi ina mantiki, kwa kuwa dawa ikitangulia pumzi inarudi juu na athari ya moshi inafichika. Lakini mtu aliyebanwa kifua hawezi kuambiwa asubiri dawa kwa ajili ya jedwali letu. Sasa maelekezo yanasema: ukibanwa, dawa kwanza, pima baadaye, weka alama kwenye mraba wa dawa daftarini. Idadi ya mivuto ya dawa nayo inaandikwa kila siku.

Mabadiliko hayo yaliyolazimishwa yametupatia kipimo bora zaidi. Siku mbaya, mtu anayejitibu vizuri atakuwa na pumzi ya kawaida na mivuto mingi. Ukitazama pumzi peke yake utasema hakuna kilichotokea.

Vilevile ikabidi tuandike wazi kwamba sisi hatumwangalii mgonjwa. Pumzi ikishuka chini ya asilimia 50 ya ile bora ya mtu mwenyewe, hilo ni jambo la hospitali, na kila mshiriki ana karatasi ya hatua zake aliyopewa na mtabibu wake.

Skrini za visanduku zilileta mjadala mrefu. Zikiwa wazi, watu wanafunga madirisha namba ikipanda, na tunachopima kinabadilika kwa sababu tunakipima. Tukizifunika, tunamficha mtu hewa anayoivuta nyumbani kwake. Tulizifunika, kwa makubaliano kwamba kila mwisho wa mwezi kila nyumba inapata grafu yake na maelezo ya ana kwa ana. Si suluhisho safi. Ndani ya timu bado kuna anayelipinga, na hoja zake ni nzito.

14 Mei: saa

Wiki hii yote imekwenda kwenye saa.

Visanduku vilivyozimika kwa kukatika umeme vilirudi vikiamini ni tarehe 1 Januari 1970, mwanzo wa hesabu ya saa za kompyuta. Dawa yake ni saa ya ndani yenye betri yake ndogo ya kidonge. Ile aina iitwayo DS3231 inapotea kama dakika moja kwa mwaka, inatosha kabisa. Betri ni kitu kidogo, na kilikosekana kwenye visanduku vya awali kwa sababu ya kubana matumizi. Data ya nyuma tuliiokoa kwa njia ya kuzunguka: mstari wa unyevu wa kisanduku kilichopoteza saa uliteleza juu ya mstari wa unyevu wa jirani yake hadi milima na mabonde yake yakalingana, na hapo tarehe ya kweli ikapatikana. Ambapo jirani hakuwepo, data imetupwa.

Hitilafu kubwa ilikuwa kwenye madaftari. Vifaa vinaandika kwa saa ya ulimwengu, UTC. Washiriki wanaandika kama sote tunavyozungumza: wamepima saa 1 asubuhi, wamepima saa 1 jioni. Kwenye safu ya muda watu wengi waliandika 1:00 tu, programu ikapokea 01:00 bila kulalamika, na pumzi za asubuhi na za jioni zote zikarundikana saa saba usiku. Kilichotushtua ni orodha ya watu waliopima pumzi usiku wa manane siku baada ya siku, wakiwa na nidhamu ya ajabu.

Daftari jipya halina safu ya muda ya kuandika unavyotaka. Lina miraba iliyochapishwa, asubuhi na jioni, na saa zimeandikwa kwa majira yetu. Ubadilishaji kwenda saa ya kompyuta unafanyika mara moja tu, wakati wa kuingiza data, na kilichoandikwa na mshiriki kinabaki kama kilivyo kwenye safu yake. Madaftari ya zamani yamerekebishwa pale tu mshiriki mwenyewe alipoweza kuthibitisha. Yaliyobaki yamepotea, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote za mradi huu hadi sasa, kuliko mizani. Utafiti wowote utakaokusanya saa kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili uanze na mraba huu.

11 Juni: matokeo mazuri kupita kiasi

Data ya wiki za kwanza ilipounganishwa, grafu ilipendeza sana. Saa zenye moshi mwingi, pumzi chini. Saa zenye hewa safi, pumzi juu. Mstari ulikuwa umenyooka, na ndani ya timu kulikuwa na sauti za kuanza kuandika makala.

Tatizo la grafu hiyo ni asubuhi. Mambo matatu yanakutana hapo na kila moja lingeweza kuchora mstari uleule peke yake. La kwanza, alfajiri hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake, inatulia, na moshi unakosa pa kwenda hadi jua lipashe ardhi. Huo ni uchafu wa kweli. La pili, unyevu uko juu na kihisi kinahesabu maji. La tatu halihusu hewa kabisa: njia za hewa za binadamu zina mzunguko wake wa siku, zinabana zaidi usiku kuelekea alfajiri na kufunguka mchana, na kwa mwenye pumu mzunguko huo unakuwa mkali zaidi. Pumzi ya mwenye pumu ingekuwa chini asubuhi hata akiishi kwenye chumba kisicho na chembe moja ya moshi.

Kwa hiyo grafu ilikuwa inatuambia kwamba asubuhi si jioni. Hilo tulilijua kabla hatujanunua kihisi.

2 Julai: kuitenganisha asubuhi

Hatua tulizochukua, kwa atakayeiga. Pumzi ya asubuhi inalinganishwa na pumzi za asubuhi nyingine za mtu huyohuyo tu, jioni na jioni. Kila siku inalinganishwa na siku za jina lilelile ndani ya mwezi uleule, Jumanne kwa Jumanne, ili mzunguko wa kazi na magari usituchezee. Kila mtu anakuwa kipimo cha nafsi yake, hivyo umri, kimo na ukali wa ugonjwa vinajiondoa vyenyewe. Na moshi tunaoutazama ni wastani wa saa 24 zilizotangulia pumzi, kisha wa siku moja nyuma, kisha siku mbili nyuma, kwa sababu njia za hewa zinaweza kuvimba polepole.

Wiki ya kwanza ya kila mshiriki inaachwa nje. Kupuliza kipima-pumzi ni ufundi, mtu anapanda namba siku za mwanzo kwa kuzoea tu, na kupanda huko kungesomwa kama nafuu. Tunachukua namba kubwa kati ya kupuliza mara tatu, kama kawaida.

Baada ya hayo yote, ule mstari ulionyooka umeinama sana. Kilichobaki upande wa pumzi ni uhusiano mwembamba ambao ukiondoa mtu mmoja au wawili unayumba. Upande wa mivuto ya dawa kuna kitu kinachosimama vizuri zaidi, hasa kwa moshi wa siku iliyotangulia. Sitaandika namba hapa kabla vihisi havijarudi kibandani, na sababu itaonekana vikisharudi.

23 Julai: siku ambazo hazijaandikwa

Kuna kurasa tupu kwenye madaftari. Mwanzoni tulizichukulia kama uvivu wa kawaida na programu ikaziruka. Mmoja wetu aliyekuwa akipita majumbani akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa na mtakwimu: mtu akiugua sana, ataandika? Tulipowauliza washiriki kuhusu siku zilizokosekana, baadhi walikuwa safarini, baadhi walisahau, na baadhi walikuwa wamelala hoi au wamepelekwa kutibiwa. Hao wa mwisho ndio ambao mradi mzima unawahusu, na ndio waliokuwa wanafutwa.

Sasa kila ukurasa mtupu una mraba wa sababu unaojazwa baadaye kwa mazungumzo ya simu: safari, kusahau, ugonjwa, mengineyo. Siku ya ugonjwa inahesabiwa kuwa siku mbaya hata bila namba ya pumzi. Kazi hii inakula muda wa mtu mmoja karibu nusu ya wiki, na haikuwa kwenye bajeti. Atakayepanga mradi kama huu aiweke tangu mwanzo, hata kama italazimu kupunguza visanduku.

Vihisi vya kuvaa tulivijaribu kwa muda mfupi na kuviacha. Wazo ni zuri, kwa kuwa mtu hakai kwenye kisanduku cha ukutani. Anapika, anasafiri, anakaa kazini. Lakini kipima-mtikisiko cha ndani kilionyesha kwamba vingi vilikuwa vimetundikwa msumarini saa nyingi za mchana. Feni yake ina kelele, na hakuna anayetaka kueleza kazini kwa nini kifua chake kinavuma.

20 Agosti: kurudi kibandani

Vihisi vyote vimerudishwa kwenye kibanda kile cha Februari, pamoja na pampu na filta. Baadhi vimechoka: vinasoma chini ya vilivyokuwa vinasoma, na vilivyochoka zaidi ni vile vilivyokaa karibu na majiko. Lenzi zina utando. Laiti tungekuwa na usawazishaji wa mwanzo peke yake, nyumba hizo zingeonekana hewa yake inatakata mwezi hadi mwezi, na bila shaka mtu angeandika kwamba mradi umewasaidia.

Tunachofanya ni kuchukua namba ya Februari na ya Agosti kwa kila kihisi na kusogeza kutoka moja hadi nyingine kwa mstari, tukidhani kuchoka kulikwenda taratibu. Ni dhana, na kwa nyumba za majiko inawezekana si kweli, kwa sababu lenzi inaweza kuchafuka jioni moja. Kwa nyumba hizo tutawasilisha hesabu mbili, yenye mstari na yenye kuruka ghafla, na kuona kama jibu la mivuto ya dawa linabadilika. Likibadilika, nyumba hizo zinatoka kwenye uchambuzi.

Filta za kundi hili ziko kwenye sanduku la magnesi kloridi tangu jana, zinapimwa kesho. Faili ghafi, namba za kusawazisha za mwanzo na mwisho, daftari tupu lenye miraba ya saa na karatasi ya ridhaa iliyorekebishwa vinawekwa pamoja na shajara hii. Majina na maeneo ya nyumba yameondolewa. Mzunguko wa pili wa nyumba utaanza na visanduku visivyozidi nusu ya vya sasa, na simu za kurasa tupu tangu siku ya kwanza.